Redio iko Ulaya, sisi tuko kafe: kebo ikikatika je?

Wadau, juzi nilikaa kafe hapa Dar, nimelipia saa moja, hedifoni masikioni, jirani yangu anaangalia mpira, mimi namsikiliza Mjerumani anamweleza jamaa wa Ghuba habari za antena yake. Haikuwa WhatsApp. Ilikuwa redio, ile ya watu wanaofunga mitambo nyumbani na kuongea na dunia nzima bila kulipwa hata senti. Wengine wanaita ham, mimi nitasema redio ya ridhaa, kama tunavyosema ndondi za ridhaa.

Maongezi yenyewe yalikuwa ya kawaida tu. Kilichonishangaza ni njia yanayopita. Hao jamaa wanatumia setelaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018. Ndani yake kuna sehemu waliyotengewa watu wa ridhaa, inaitwa QO-100. Setelaiti imesimama juu ya Ikweta, karibu nyuzi 26 mashariki. Chukua ramani uangalie hapo ni wapi. Ni Congo, maeneo ya Kisangani! Yaani chombo kiko juu ya bara letu, kilomita kama 36,000, halafu mimi nakisikia kupitia Uingereza. Mtambo wa kupokea uko Goonhilly, kule Cornwall, unanasa mawimbi na kuyaingiza kwenye intaneti, ndipo yanazunguka na kebo za baharini mpaka kwenye kiti changu cha kafe. Nilijiona kama mtu anayeagiza maji ya Rufiji kutoka London.

Kusikiliza namna hii kumeshazoeleka. Mtambo wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ulianza mwaka 2008, na mamia ya watu wanaweza kuusikiliza kwa wakati mmoja, kila mtu na masafa yake. Jipya linaloshika kasi ni kurusha. Mtu anafunga redio na mlingoti shambani, anaiunganisha na kompyuta, yeye anabaki mjini. Akiongea, sauti inapita intaneti mpaka shamba, inatokea kwenye antena na kwenda zake. Sababu zinaeleweka: mjini kuna kelele za umeme kila kona, chaja na taa za bei poa zinaharibu hewa, na mwenye nyumba gani atakuruhusu usimamishe mlingoti wa mita kumi juu ya bati lake? Mwaka 2024 walikwenda mbali zaidi. Mitambo iliwekwa kisiwa cha Jarvis, katikati ya Pasifiki, kisicho na wakazi, na baadhi ya waendeshaji walikuwa majumbani kwao Marekani wanaiendesha kwa Starlink.

Najua kuna mdau ameshaanza kuandika, "Basi na sisi tukodi mitambo ya huko, tatizo limekwisha." Taratibu, ndugu yangu. Hewani hawaulizi wewe umekaa wapi, wanauliza mtambo uko wapi. Ukiendesha mtambo ulioko Marekani, unafuata sheria za Marekani na leseni yako ya hapa haikutoshi. Wenzetu wamefika mpaka kuandika kwamba kiungo cha kuongozea mtambo kikiharibika, lazima kuwe na kitu cha kuuzuia usirushe zaidi ya dakika 3. Na alama ya kujitambulisha utakayotumia ni ya kwao. Ya kwetu Tanzania inaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Tukikaa mia moja kwenye makafe tukaongea na dunia yote kupitia mitambo ya ng'ambo, 5H itabaki kimya vile vile.

Hilo la heshima tuliache, kuna kubwa zaidi. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024? Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Niliingia kafe siku ile nikakuta mtunza kafe anacheza karata kwenye kompyuta yake mwenyewe. Siku kama hiyo, redio yako iliyoko Ulaya inakusaidia nini?

Maana redio hizi kazi yake inaonekana pale mengine yote yamekufa. Desemba 2004 mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake wa redio ya ridhaa. Walikwenda kwa ajili ya kuongea na dunia tu, kama wanavyofanya. Tarehe 26 ikaja tsunami, ile ile iliyofika mpaka pwani yetu. Simu zikakatika, na redio yao ndiyo ikawa inapeleka habari bara ya India. Wangekuwa wanaiendesha redio ile kwa intaneti wakiwa Delhi, sijui nani angekwenda kuiwasha.

Kwa hiyo mimi siipingi teknolojia, naomba tuigeuze. Mlingoti uwe hapa, juu ya paa la chuo chochote chenye wanafunzi wa umeme, uwe na betri na sola. Siku za kawaida vijana wenye leseni ya TCRA wauendeshe kutoka hosteli au kafe, kwa simu zao, hata kama wako mji mwingine. Siku kebo ikikatika, aliye karibu apande ngazi akaushike kwa mkono. Na wakati tunasubiri hayo, kusikiliza QO-100 moja kwa moja kunawezekana kwa dishi la kawaida la televisheni, kichwa chake cha kawaida na kifaa kidogo cha kupokea kinachochomekwa kwenye kompyuta.

Dishi la zamani ninalo, limelala nyuma ya nyumba kuku wanalalia. Kifaa cha kupokea ndiyo sina. Mdau mwenye nacho Dar, hata cha kuazima wikiendi moja, aandike hapo chini tupange siku.