Miti Yetu, Majina ya Wageni

Mnyamwezi hahitaji kitabu ili aujue myombo. Ajua kuwa gome lake hutoa kamba na mzinga, na kwamba maua yake huleta nyuki. Lakini katika vitabu vya elimu ya mimea mti huo huitwa Brachystegia boehmii, kwa heshima ya Mjerumani Richard Böhm, aliyekaa kusini ya Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha akafia Katanga mwaka 1884. Jina hilo lilitolewa mwaka 1895. Sina ugomvi na marehemu. Alitembea porini kwa miguu yake. Nauliza tu: ni nani aliyemwonyesha mti ule na kumwambia kazi yake? Kitabuni hayumo.

Kabla yake walipita Speke na Grant. Waliingia Kaze, ndiyo Tabora yetu, Januari 1861, kwa njia ile ile ya misafara itokayo Bagamoyo. Grant alikusanya mimea safarini, nayo ikachapishwa London kati ya 1872 na 1875. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na twajua wapagazi wa njia ile wengi walikuwa watu gani.

Na mimea iliyochukuliwa wakati wa Wajerumani ilipata nini? Mingi ilihifadhiwa Berlin, na usiku mmoja wa Machi 1943 mabomu yaliunguza jumba lile. Mimea mingi ya Afrika Mashariki iliteketea humo. Cha ajabu, neno lenyewe "miombo" wataalamu wa dunia nzima wamelitoa vinywani mwetu, wakaliita kwalo pori lote kutoka huku hadi Angola na Msumbiji. Neno wamelichukua, wenye neno tumebaki nje ya mlango.

Msiseme kazi hii ni ya Wazungu. Chuo Kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria tu. Masomo ya sayansi yalifuata mwaka 1965. Leo Dar es Salaam ina hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, na mmoja wa walioitumikia ni Ndugu Leonard Mwasumbi. Mwaka 2009 mti wa msitu wa pwani, ambao haukuingia katika kundi lolote lililojulikana, ulipewa jina la Mwasumbia. Si aina moja tu iliyoongezwa chini ya kundi la zamani, bali kundi zima jipya linabeba jina la Mtanzania! Habari hii ingestahili kusomwa katika kila shule.

Na kazi yenyewe haina uchawi. Mtaalamu hukata tawi lenye majani, maua au matunda, hulibana katikati ya karatasi za magazeti (hata gazeti hili, ukisha kulisoma, lafaa), hulikausha, kisha huandika: mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua, jina la wenyeji na matumizi yake. Pasipo maandishi hayo tawi ni kuni tu. Na hayo mawili ya mwisho, jina na matumizi, hayapatikani Dar es Salaam. Yamo kwa wazee wa Sikonge, Urambo na Kaliua.

Ndiyo sababu naona haraka. Tumbaku hukaushwa kwa moto, na moto wake ni mtundu na myombo. Urambo ilikwisha kufyekwa mara moja kwa mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Nchi ilifyekwa na watu waliokuwa hawaijui. Sisi tukifyeka bila kujua tumewazidi nini? Mzee naye akifa, hakuna jumba lolote, la Berlin wala la Dar es Salaam, lenye nakala ya aliyoyajua.

Basi matawi ya chama wilayani yasingoje barua kutoka juu. Kila tawi litafute wazee wawili au watatu, wake kwa waume, hasa warina asali na waganga wa miti shamba. Mwalimu aandike, vijana wakate na kubana. Waganga wasilazimishwe kutoa siri za dawa zao. Jina la mti na mahali uotapo vyatosha kwa mwanzo. Chuo Kikuu kiombwe kumtuma mtaalamu wake atembee na vijana hao njia ya zamani, kutoka Kwihara kuelekea Ujiji, penye miembe ya misafara. Miombo hutoa maua kabla ya mvua kushika, Septemba na Oktoba. Karatasi ziwe tayari mwezi wa Agosti.