AFYA YA FAMILIA: Bibi Amebadilika, Tusikimbilie Kusema ni Uzee

Mwezi huu tuongee juu ya bibi zetu, wale ambao nyumbani Kongo wengi wetu tunawaita koko.

Mara nyingi tunasikia kwa majirani: bibi amekuwa mkali bila sababu, usiku halali, anasahau sufuria motoni, anauliza jambo moja mara tatu. Wengine wanacheka tu, "uzee huo." Wengine wanaanza kunong'ona maneno ya uchawi, na wote tunajua maneno hayo yanafikisha wapi. Mzee anatengwa, anafukuzwa, hata anaumizwa. Sisi tunasema: kabla ya kufungua mdomo, tuangalie mwili wake na vitu anavyotumia kila siku.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni wajumbe wa mwili. Zinatengenezwa na tezi, zinasafiri ndani ya damu, zinapeleka habari huku na huku. Homoni ya kike iitwayo estrojeni si ya uzazi peke yake. Inafanya kazi hata kwenye ubongo, katika kumbukumbu, usingizi na furaha. Mwanamke akikoma hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni inashuka sana. Ndiyo maana wamama wengi wa umri huo wanapata joto la ghafla, wanakosa usingizi, wanakasirika upesi. Hiyo si laana wala tabia mbaya.

Sasa, ziko kemikali zinazojifanya homoni, au zinazoziba njia ya homoni. Ni kama mjumbe wa uongo kufika kabla ya mjumbe wa kweli. Nyingine zinakaa miaka mingi ndani ya mafuta ya mwili, kwa hiyo mtu mzee anakuwa amekusanya zaidi. Huko Marekani, watafiti waliwapima wazee waliokula samaki wengi wa Ziwa Michigan, ziwa lililochafuliwa na kemikali za viwandani ziitwazo PCB. Matokeo yalitoka mwaka 2001: wenye PCB nyingi kwenye damu walishindwa zaidi kwenye vipimo vya kumbukumbu. Utafiti kama huo hauna maana kwamba kila anayesahau amekula sumu. Lakini unatosha kutufanya tuwe waangalifu.

VITU VYA KUANGALIA NYUMBANI

1. Sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliziwekea marufuku, lakini bado zinauzwa kwa kificho. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa na huzuni na kusahau. Soma pakiti. Ukiona herufi Hg, au neno linaloanza na "mercur", au onyo kwamba isiguse dhahabu na fedha, achana nayo. Na bibi akimbeba mjukuu kwa mikono yenye krimu hiyo, mtoto naye anaipata.

Krimu nyingine zina klobetasoli au betamethasoni. Hizi zenyewe zinafanya kazi kama homoni. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa wa ngozi mganga akikuandikia, lakini ukijipaka mwili mzima miezi na miezi, tezi zako zinazotengeneza homoni ya namna hiyo zinalala. Aliyezoea muda mrefu asikatize kwa siku moja. Apeleke kopo lake zahanati, aelekezwe namna ya kupunguza. Asione haya.

2. Chakula cha moto ndani ya plastiki. Baadhi ya plastiki ngumu zinazong'aa kama kioo zina bisfenoli A. Tangu miaka ya 1930 wanasayansi wa Uingereza walijua kwamba inafanya kama estrojeni, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliikataza kwenye chupa za kunyonyeshea watoto. Joto linaifanya itoke kwa wingi. Uji na maharage ya moto tuweke kwenye bakuli la bati, sufuria au chungu. Plastiki ibaki kwa vitu vya baridi.

3. Kuwasha moto kwa plastiki. Tunajua kuni ni shida, na kipande cha ndoo kinashika haraka. Lakini moshi wake unaweza kuwa na dioksini, sumu inayovuruga homoni, na bibi ndiye anayekaa jikoni muda mrefu. Tuwashe kwa nyasi kavu, magunzi ya mahindi au vijiti. Na yale macho mekundu ambayo watu wanayasingizia uchawi? Mara nyingi ni moshi huohuo wa miaka mingi.

4. Madumu ya dawa za shambani. Tusitekee maji, hata tukiyaosha mara kumi.

Tusichanganye mambo, lakini: chandarua chenye dawa si katika hivi. Tuendelee kulala ndani yake, malaria inaua.

TUMPELEKE APIMWE

Kemikali ni sababu moja tu. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, presha, sukari, na huzuni ya waliokufa na nchi tuliyoiacha, vyote vinaweza kubadilisha moyo na akili ya mtu mzee. Vingi vina matibabu. Akichanganyikiwa ghafla, au akiwa na homa na kuongea ovyo, apelekwe siku hiyohiyo, tusingojee kesho.

Mwezi huu tunaomba kila familia ifanye mambo mawili. Kwanza, mtoto anayejua kusoma akae na bibi, wasome pamoja maandishi ya kila sabuni na kopo la mafuta lililomo nyumbani. Pili, mtu amsindikize bibi zahanati, aeleze alichokiona: lini alianza kusahau, analala saa ngapi, anapaka nini. Mganga hawezi kujua yasiyosemwa.

Wazee walisema mtu mzima dawa. Basi na sisi tuitunze dawa hiyo. Tukutane mwezi ujao.