Rangi Isiyo na Jina Isitiwe Katika Yogati

Wakulima wenzangu wa skimu za Lanet na jirani,

Mwezi uliopita mama mmoja wa kikundi cha maziwa aliingia ofisini akitaka nimsaidie kuandika lebo ya yogati. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo, kazi kama hizo huletwa kwangu. Tukaandika maziwa, sukari, chachu. Kisha akafungua karatasi ya daftari, ndani mna unga mwekundu. "Na hii, Mwalimu?"

"Jina lake nini, Mama?"

"Muuzaji sokoni aliniambia ni rangi ya chakula."

Kalamu yangu ikasimama hapo. Huenda ilikuwa rangi ya chakula kweli. Huenda pia ilikuwa ile ya kutia vikapu na mikeka. Kwa macho hazitofautiki. Sheria yetu ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, yakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru, na kanuni zake za mwaka 1978 zahusu lebo na vitu vinavyoongezwa katika chakula. Lakini mkaguzi wa afya hawezi kusimama katika kila jiko la Lanet.

Wako wasemao rangi zote za viwandani zipigwe marufuku. Mimi sisemi hivyo. Nasema kwamba ruhusa ya rangi ni ruhusa ya kipimo, nasi kipimo hatuna. Chukueni carmoisine, rangi nyekundu ya kiwandani. Wataalamu wa FAO na WHO wameweka mpaka wa miligramu 4 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 20, basi, mpaka wake ni miligramu 80. Gramu moja ina miligramu 1,000, yaani yapita mpaka wa siku wa watoto 12 kama huyo. Sasa sisi twapima kwa ncha ya kijiko! Mizani ya viazi haioni hata gramu. Tena mpaka huo ni wa vyakula vyote vya siku pamoja, na mtoto huyo huyo amekwisha kula mabuyu njiani kutoka shule, ulimi mwekundu.

Mwaka 2007 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliwapa watoto vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na dawa ya kuhifadhi, wakaona baadhi yao wakizidi kutotulia. Tangu Julai 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zataka chakula chenye carmoisine au nyingine tano kiandikwe onyo kwa ajili ya watoto. Marekani hairuhusu carmoisine katika chakula kabisa. Na Januari 2025 ilifuta ruhusa ya rangi nyingine nyekundu, erythrosine, kwa sababu ya saratani iliyoonekana katika panya, viwanda vikapewa hadi Januari 2027. Ikiwa wenye maabara hawajaafikiana, sembuse sisi na kijiko chetu.

Najua jibu lenu: duka la mjini lataka yogati nyekundu. Ndiyo, kwa kuwa mnunuzi adhani mna stroberi ndani, nayo haimo. Hilo nalo si jambo dogo.

Anayeshikilia rangi na anunue pakiti iliyofungwa, yenye jina la rangi, kipimo chake na alama ya KEBS, kisha aiandike kwenye lebo. Mimi ningeuza nyeupe. Au bitiruti: ioshwe, ipikwe, maji yake yatiwe katika yogati iliyokwisha kupoa. Wekundu wake hufifia kwa moto na mwanga, lakini katika yogati baridi hushika vizuri. Utapata waridi hafifu tu.

Yule mama aliiacha karatasi yake mezani kwangu. Juma lililofuata akaniletea chupa mbili, moja nyeupe, moja ya bitiruti. Kikundi chake bado chabishana.