Tujifunze Kiingereza: Nani ni Nani Kwako?

Katika kambi na vituo vyetu hakuna uhaba wa Kiingereza cha kazi. Askari, hata yule aliyeishia darasa la saba, huelewa "guard", "parade", "report", "statement" na "leave", kwa kuwa maneno hayo huyasikia tangu alfajiri hadi saa za kulala. Uhaba huonekana pale anapotakiwa kueleza habari za watu: fulani ni nani kwa fulani, wanaishi vipi, nani anamtegemea nani, nani amemkosea nani. Hapo ulimi huwa mzito, naye hukimbilia neno la kwanza limjialo, aghalabu "brother" au "friend". Neno hilo likishaandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, si neno la mazungumzo tena.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na jeshini kimezungumzwa tangu enzi za King's African Rifles. Walakini sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza, hukumu huandikwa kwa Kiingereza, na fomu nyingi za ofisini vilevile. Kwa hiyo juma hili tutakusanya maneno ya Kiingereza yahusuyo watu na maisha yao pamoja, na darasa letu litakuwa Nakivubo, katikati ya jiji la Kampala, mahali ambapo mtu hupishana na watu wa kila namna katika muda wa kunywa kikombe cha chai.

Tuanzie kwenye uwanja wa michezo. Uwanja wa Nakivubo ulifunguliwa mwaka 1926, ukajengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Kwa miaka mingi jina lake kamili lilikuwa na maneno mawili ambayo mashabiki wengi waliyapita bila kuyatazama: "War Memorial". "Memorial" ni kitu kilichowekwa ili watu wasisahau, na hapa waliokumbukwa ni askari waliokufa vitani. Basi neno la kwanza la somo letu lihusu wale ambao askari aliyekufa huwaacha nyuma. Kiingereza husema: "He is survived by a widow and five children." Msomaji mgeni wa lugha hudhani kwamba marehemu ameokolewa na mjane wake. Sivyo. Maana yake ni kwamba mjane na watoto watano wamebaki hai baada yake. Hao ndio "survivors". Neno hilohilo hutumika kwa mtu aliyenusurika katika ajali, kwa hiyo tazama maneno yanayolizunguka kabla ya kuamua maana.

Hapa ndipo penye jambo zito. Karibu kila fomu ya kazi ina nafasi iliyoandikwa "next of kin". Wengi wetu huandika hapo jina la kaka mkubwa aliyeko kijijini, kwa sababu kwa mila zetu yeye ndiye msemaji wa ukoo. Si kosa, ikiwa unajua ulichokiandika. "Next of kin" ni jamaa wa karibu atakayepelekewa habari likitokea la kutokea. Si sawa na "beneficiary", ambaye ni mtu aliyetajwa kupokea malipo. Wala si sawa na "dependant", yaani mtu anayekutegemea kwa chakula, ada na mavazi. Na hao wote si lazima wawe "heir", yaani mrithi. Maneno manne, watu wanne wanaoweza kuwa tofauti. Askari aliyedhani kwamba yote manne ni kitu kimoja aweza kumwachia mkewe safari ndefu za ofisi kwa ofisi. Akina mama mlio kambini, somo hili lawahusu kuliko waume zenu: ombeni muonyeshwe fomu ile, mkasome kilichoandikwa katika kila nafasi. (Angalieni pia tahajia ya Kiingereza cha Uingereza: "dependant" kwa a ni mtu, "dependent" kwa e ni sifa.)

Neno "heir" lastahili kutazamwa zaidi, maana ukubwa wake masikioni haulingani na ukubwa wake kwenye sheria. Sheria ya Urithi ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, hueleza jinsi mali ya mtu aliyekufa bila wosia inavyogawanywa. Mtu wa namna hiyo huitwa "intestate". Akiwa ameacha watu wa mafungu yote, "lineal descendants", yaani watoto, wajukuu na vitukuu wake, hupata asilimia 75; "spouse", yaani mume au mke, asilimia 20; "dependent relatives", jamaa waliomtegemea, asilimia 4; na "customary heir", yule avikwaye vazi la mrithi mbele ya ukoo, asilimia 1. Kabla ya marekebisho hayo fungu la mjane lilikuwa asilimia 15. Basi mtu akija na kujitangaza "I am the heir," mjibu kwa heshima, lakini usimkabidhi funguo za nyumba.

Na "spouse" lina mlango mwembamba. Watu wawili wakiishi pamoja bila ndoa inayotambuliwa na sheria, Kiingereza huwaita "partners", na tendo lao ni "to cohabit". Kuishi pamoja tu, hata kwa miaka mingi na watoto wengi, hakumfanyi mtu kuwa "spouse" mbele ya sheria ya Uganda. Kadhalika "separated" ni waliotengana huku ndoa ingali ipo, na "divorced" ni ambao ndoa yao imevunjwa. Mtu akikueleza kituoni "she was my wife", muulize ni lipi kati ya hayo.

Tukija kwenye ukoo, Kiingereza ni maskini na sisi ni matajiri. "Uncle" ni mjomba, naye huyohuyo ni ami, baba mkubwa na baba mdogo. "Aunt" ni shangazi, tena ni mama mkubwa na mama mdogo. Waganda, ambao ssenga wao hawezi kufananishwa na mtu mwingine yeyote, wana malalamiko hayohayo. Dawa ni maneno mawili: "paternal" kwa upande wa baba, na "maternal" kwa upande wa mama. Shangazi ni "paternal aunt". Mjomba ni "maternal uncle". Vivyo hivyo "sister-in-law" humeza wifi na shemeji wa kike kwa pamoja, na hapo hakuna dawa ila maelezo: "my husband's sister", "my wife's sister".

Neno "brother" ndilo lenye mitego. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako, ni kweli, lakini Kiingereza humwita "cousin". Mitaani Kampala utasikia "cousin-brother", na kila mtu huelewa. Kwenye maelezo ya polisi andika "cousin" peke yake. Mliochangia mzazi mmoja ni "half-brothers". Mtoto wa baba wa kambo, ambaye hamna damu moja hata tone, ni "stepbrother". Wakili akimuuliza shahidi, "Is he your brother?", na shahidi akaitikia kwa maana ya Kiafrika, dakika tano baadaye aweza kuonekana mwongo hali alisema kweli ya kwao.

Tumalize ya nyumbani kwa jozi moja: "family" na "household". Ya kwanza ni jamaa wa damu na ndoa, popote walipo. Ya pili ni watu wote wakaao nyumba moja, pamoja na msichana wa kazi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu ukatili wa nyumbani hutumia maneno "domestic relationship", nayo huyapa upana mkubwa: ndani yake yumo hata mfanyakazi wa nyumbani, awe analala humo au anakwenda kwao jioni. Anayempiga mtumishi wake hawezi kujitetea kwamba huyo si "family".

Sasa tutoke uwanjani tuelekee soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe. Hapa mambo yanageuka: Kiswahili kina neno moja, Kiingereza kina mengi. Mfano bora ni "mgeni". Aliyekuja kukutembelea ni "guest" au "visitor". Usiyemjua kabisa ni "stranger". Aliyetoka nchi nyingine ni "foreigner". Aliyehamia mtaani juzi ni "newcomer". Sisi wote hao twawaita wageni, na pengine twawakaribisha kwa kikombe kilekile. Lakini askari wa doria akiandika "a stranger was found in the house" badala ya "a guest", amekwisha kumfanya mtu aliyealikwa kuwa mshukiwa.

Vivyo hivyo "rafiki". Kwa watu wa soko kila mtu ni rafiki, na wachuuzi huita "customer!" hata kwa mtu asiyenunua kitu. Kiingereza cha makini hutenga "friend", mtu wa moyoni. "Acquaintance", mtu mnayefahamiana tu. "Colleague", mwenzako wa kazini. Na "neighbour", jirani wa nyumba au wa kibanda. Ukiulizwa habari za mtu aliyekamatwa, "he is an acquaintance" ni jibu la ukweli na lenye usalama zaidi.

Siku ya mpira, polisi wa zamu Nakivubo huhitaji maneno mengine. Watu wengi mahali pamoja ni "crowd", na hilo si kosa. Wakitazama mchezo ni "spectators". Wakiwa na timu yao ni "supporters". Wakipandwa na ghadhabu na kuanza kudhuru watu ndipo huitwa "mob". Ofisa asiwe mwepesi wa kuandika neno hili la mwisho, kwa kuwa linahalalisha mambo ambayo "crowd" hailihalalishi hata moja. Kuna msemo uliozoeleka, "mob justice", wa watu kumwua mtu anayedhaniwa mwizi. Taarifa za uhalifu za Polisi ya Uganda hutumia "mob action", na mimi naona wamechagua vema, sababu "justice" ni haki, na katika kitendo kile haki haimo. Aliyepigwa naye si "thief" mpaka mahakama iseme, ni "suspect".

Na kwa kuwa tumetaja haki, soko hili lina habari yake. Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mtumishi mkubwa katika kasri ya Kabaka Mwanga, aliuawa hapa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington. Kukemea mkubwa namna hiyo Kiingereza huita "to rebuke", neno zito kuliko "to criticise". Historia ya Kanisa husimulia kwamba kabla ya kufa alimtuma mwuaji amwambie Kabaka kuwa amemhukumu bila haki, lakini yeye amemsamehe, naye atubu.

Ni aina gani ya msamaha? Swali hili si la kuchezea maneno. Balikuddembe hakuwa na mamlaka juu ya Kabaka. Alichotoa ni cha moyoni, nacho ni "forgiveness". Kama Kabaka angemfutia adhabu, hiyo ingekuwa "pardon", kwa sababu hutoka kwa mwenye mamlaka. Aina ya tatu wanajeshi wetu waifahamu vizuri: "amnesty", msamaha utolewao na sheria kwa kundi zima. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2000, ikawahusu watu walioshika silaha dhidi ya serikali tangu tarehe 26 Januari 1986. Katika sheria hiyo mtu anayeomba msamaha huitwa "reporter", kwa kuwa amejitokeza kuripoti. Wengi wamesoma neno hilo wakadhani linamhusu mwandishi wa magazeti.

Mtu aweza kupata "amnesty" bila "forgiveness": serikali haimshtaki, lakini mama aliyepoteza mwanawe bado hawezi kumtazama usoni. Aweza pia kusamehewa na jirani na bado akafungwa. Na yakitokea yote, bado hapajawa na "reconciliation", suluhu ya watu kurudi kuketi pamoja, ambayo haina fomu wala mhuri. Kwa Kiswahili twaweza kusema "wamesameheana" na kudhani tumemaliza. Kiingereza, kwa mara hii, hutulazimisha kuuliza nani amesamehe nini, na kwa mamlaka gani.

Mazoezi ya juma hili. Andika kwa Kiingereza sentensi zifuatazo katika daftari lako, mume na mke wakisaidiana. Shangazi yangu ndiye mlezi wa watoto wa marehemu kaka yake. Mgeni wetu si mgeni hapa Kampala. Wifi yangu ananitegemea, lakini si mrithi wangu. Jirani amemsamehe, ila mahakama haijamsamehe. Katika sentensi ya kwanza tumia "guardian". Katika ya pili usirudie neno moja mara mbili. Majibu yatatolewa katika toleo lijalo.