Usaili wa Ualimu: Kaseme Ukweli wa Darasa la Kwetu

Makamanda, kila tangazo la ajira za walimu likitoka, magrupu yetu ya Kahama, Katoro na Geita mjini yanajaa swali lile lile: "Intavyuu wanauliza nini?" Dakika kumi hazipiti, zinaanza kuzunguka pdf za maswali na majibu na watu wanakariri. Mimi nimekuwa nikikaa na walimu wasio na ajira kujiandaa pamoja, na jibu langu ni fupi. Watakuuliza changamoto za elimu ya sasa, na wewe uliyekulia kwenye kanda ya dhahabu unazijua kuliko huyo aliyeandika pdf.

Shida ni kwamba wengi wanaogopa kuzisema, wasije wakaonekana wapinzani. Ndugu yangu, upungufu wa walimu hautokani na ilani yetu, umo kwenye takwimu za Serikali yenyewe. Kusema ukweli wa darasa ni sehemu ya ualimu.

Tuanze na hesabu. Zamani mwalimu aliomba, vyeti vikaangaliwa, akapangiwa kituo. Kisha ukaja usaili. Ule ulioanza Januari 14, 2025 chini ya Sekretarieti ya Ajira ulikuwa na waombaji 201,707 kwa nafasi 14,648. Yaani karibu watu 14 wanagombea kiti kimoja. Walimu wasio na ajira wakaunda umoja wao, NETO, wakaupinga utaratibu huo, na Februari ile ile baadhi ya viongozi wao wakakamatwa na polisi hapa hapa Geita.

Sisemi usaili ni dhambi. Ila usaili hauongezi nafasi hata moja, kazi yake ni kuamua nani abaki nje. Nchi hii iliwahi kuwa na tatizo la kinyume: baada ya Azimio la Musoma la 1974 na mbio za UPE, walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu wakiwa kazini vijijini. Leo walimu wenye stashahada na shahada wapo mtaani, madarasa yaliyofurika yapo, na kinachokosekana ni bajeti ya kuwakutanisha. Hilo ni swali la kisiasa na tutalidai kisiasa. Lakini wewe mwenye usaili, ingia ukiwa umejiandaa.

Zijue hoja hizi vizuri.

Ya kwanza ni mtaala. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba kwenda sita. Fuatilia hesabu: aliyekuwa la tatu 2024 anamaliza la sita 2027, na aliyekuwa la nne anamaliza la saba mwaka huo huo. Makundi mawili yanagonga mlango wa sekondari pamoja Januari 2028. Paneli ikikuuliza kuhusu sera mpya, usiishie kusema "ni nzuri". Ongelea vyumba, madawati na walimu wa mwaka huo.

Ya pili ni fedha. Elimu bila ada ilianza 2016 na watoto wakamiminika, jambo jema kabisa. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Shule ya watoto 1,000 inapata milioni 6 kwa mwaka, laki tano kwa mwezi, kwa chaki, ukarabati, mitihani na michezo. Na kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kila aliyefanya mazoezi ya kufundisha huku kwetu anajua alikuta wangapi.

Ya tatu ni machimbo. Rashi ikitokea, darasa linapungua. Mtoto anaokota mawe, anaponda, anabeba maji mwaloni, wengine wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18, na uchimbaji umo. Human Rights Watch walipita kwenye machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya wakatoa ripoti 2013, hivyo hakuna wa kudai kwamba jambo hili ni siri.

Ya nne ni mtoto wa kike. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 uliiweka Shinyanga juu kabisa nchini kwa ndoa za utotoni, asilimia 59. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwenye shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Kuna pia Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaomruhusu aliyekatisha masomo, hata kwa ujauzito, kurudi. Mwalimu asiyeujua waraka huo anaweza kumfungia mtoto geti bila sababu.

Ya tano ni lugha. Mtoto wa Mwakitolyo au Nyang'hwale anafika darasa la awali akiwa na Kisukuma chake tu, halafu kesho yake anapimwa kusoma na kuandika Kiswahili. Jiandae kueleza utamvusha vipi bila kumcheka wala kumchapa.

Sasa namna ya kujibu. Mimi huwashauri wenzangu hatua tatu: taja tatizo, taja sheria au sera inayolihusu, halafu sema wewe utafanya nini Jumatatu asubuhi. Ukiulizwa utoro, usihutubie nusu saa. Sema: "Mahudhurio yakishuka nitaita majina kila siku, nitawajua watoto wanaokwenda machimboni, nitakaa na wazazi wao na mwenyekiti wa kitongoji, na ikishindikana nitampelekea mwalimu mkuu na ofisa ustawi wa jamii." Hiyo inaonyesha mwalimu aliye tayari kufanya kazi. Na mle ndani siyo jukwaani. Usitukane mtu wala usimsifu mtu. Anayesifu kila kitu hajajibu swali, na anayelaani kila kitu hajajibu pia.

Na sisi tulio nje tuna kazi yetu. Migodi mikubwa inalipa ushuru wa huduma kwa halmashauri kutokana na mauzo yake: kila dhahabu ikiuzwa, kuna sehemu inayobaki kwetu. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2017 inaitaka pia kampuni iwe na mpango wa huduma kwa jamii uliokubaliwa na halmashauri. Basi twende kwenye vikao vya kata na mikutano ya vijiji tuulize: mwaka huu zilikuja ngapi, na ngapi zimekwenda kwenye madarasa?

Kwa Serikali tunadai mambo matatu. Nafasi za ajira zitangazwe kwa kufuata upungufu wa kila halmashauri, ili Msalala na Mbogwe zijue zimepewa nini. Kila msailiwa aone alama zake na ajue alikosa wapi. Na mwalimu aliyejitolea miaka kadhaa kwenye shule ya kijiji ahesabiwe kazi hiyo, maana alishafanyiwa usaili na watoto wenyewe, kila siku, mbele ya ubao.

Mwenye usaili akasome waraka, na asiye nao aje kwenye kikao cha kata. Watoto wa darasa la sita na la saba wa 2027 wako shuleni sasa hivi, na Januari 2028 haitatusubiri.