Acheni Kuuza Mota kwa Kilo

Watu wangu wa Kwale, leo sina utani.

Wiki jana niliweka video ya mashine yangu ya msasa, ile ninayochongea nyuta hapa Shimoni. Komenti zilikuwa nyingi, lakini maneno yalikuwa matatu tu. "Ameacha chuo akacheze na takataka." "Si ununue ya dukani?" Na la tatu: "Unawatengenezea majangili silaha." Sawa. Nawajibu wote hapa, moja baada ya jingine.

Hiyo mnayoita takataka ni mota ya pampu ya bwawa la kuogelea. Diani imejaa hoteli, na hoteli zina mabwawa. Sili ya maji ikiisha au kichwa cha plastiki kikipasuka, pampu inatupwa nzima, na mota yenyewe bado inazunguka vizuri. Yangu niliikuta Ukunda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, imelala juu ya mzani. Kilo tisa. Alikuwa aipasue atoe shaba. Nikampa 1,200, akacheka, akadhani amenipiga.

Fremu ni anglaini ya kitanda kikuukuu cha chuma. Roli nimechonga mwenyewe kwa mbao ngumu, ndani nikatia beringi za gurudumu la bodaboda. Springi ya kukaza mkanda ni ya stendi ya pikipiki. Nilivyonunua vipya ni swichi, waya na mikanda ya msasa. Jumla 4,300. Ile ya dukani niliulizia Mombasa, nikaambiwa 26,000. Haya, nani kati yenu alikuwa ananipa hizo 26,000?

Na kwa wale wa "ameacha chuo": niliacha mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Hesabu sikuiacha. Mota hii inazunguka mara 2,850 kwa dakika. Gurudumu linaloendesha mkanda lina kipenyo cha milimita 80. Zidisha kwa pai, unapata mzingo wa sentimita 25 hivi. Zidisha kwa 2,850, gawanya kwa 60: mkanda unakimbia karibu mita 12 kwa sekunde. Ningeweka gurudumu la milimita 160 ungekimbia mita 24, na mti ungeanza kuungua. Hiyo ni hesabu ya sekondari. Mnayo nyote, mmeiacha kwenye daftari.

Sasa uta. Natumia mkone, mti ambao wazee wa huku Pwani wanaujua kwa nyuta na kwa fito za nyumba. Kazi kubwa ni kupunguza mti mpaka mikono miwili ipinde sawasawa. Kwa tezo na tupa ilikuwa inanila siku mbili, sasa ni asubuhi moja. Hatua ya mwisho bado naifanya kwa mkono, maana mashine inakula milimita nzima kabla hujashtuka. Na mgongo wa uta siugusi kabisa. Ukikata nyuzi za mti pale, siku ukivuta unakatika.

Majangili? Nauza kwa watu wa kulenga shabaha. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977 na sitaki urudi. Lakini uta una historia kabla ya hapo. Wawaata wa upande wa Tsavo walichonga nyuta nzito kiasi cha kuangusha tembo kwa mshale wa sumu. Msako wa miaka ya 1950 ulipofika, wengi wakafungwa, na ufundi wao ukabaki kutajwa kama ushahidi wa kosa. Ukataze kuua, nakubali. Ukikataza na kuchonga, unazika maarifa ya watu.

Babu yangu alikuwa fundi wa mashua. Alitoboa mbao kwa keke, na keke inazungushwa kwa uta na kamba. Alijitengenezea mwenyewe. Hakuna aliyemwambia "si ununue ya dukani". Fundi asiye na chombo alikuwa anakitengeneza, basi. Leo mjukuu akifanya vilevile anaitwa mwendawazimu wa jalalani.

Kuna hatari? Ndiyo, na sitawadanganya. Roli yangu ya kwanza ilikuwa bapa. Mkanda ukachomoka ukanichapa mkono mpaka ngozi ikatoka. Roli ya kuongoza mkanda lazima iwe na tumbo kidogo katikati. Funga waya wa ardhi kwenye fremu. Vaa miwani na barakoa, vumbi la mti si mchezo. Usivae glavu wala kikoi kinachoning'inia. Na msikimbilie mota ya mashine ya kufulia ile yenye brashi: ukiiwasha bila mzigo na bila kidhibiti, inaongeza kasi mpaka inaweza kujivunja.

Wizi nao upo, najua. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inayotaka wafanyabiashara wawe na leseni, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote baada ya nguzo za stima kuhujumiwa. Kwa hivyo nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Mimi yangu ninayo.

Ninachopigania ni hiki. Kwenye mzani, mota nzima na mota iliyoungua ni bei moja. Tunaziuza kwa kilo, zinapanda lori, halafu tunanunua grainda mpya dukani kwa pesa za kukopa. Wenye hoteli, kabla hamjaita lori, tengeni siku moja mafundi wa vijijini waje wachague na walipe. Vyuo vyetu vya ufundi, wekeni rafu ya mota kuukuu na mwanafunzi aanze hapo, si kungoja mashine ya mfadhili ambayo haijafika.

Mashine yangu haitaajiri Kwale nzima. Imeniajiri mimi, na kijana wa jirani anayekuja jioni ameshaanza ya kwake. Ana beringi mbili na nusu ya kitanda. Mwenye mota asimpeleke kwa mzani, anipigie kwanza.