Miaka ambayo filme haionyeshi

Siku hizi tunaangalia filme kwenye telefone pamoja na watoto. Moja ni Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyotoka katika kitabu cha Tim Crothers. Ni habari ya kweli ya Phiona Mutesi wa Kampala. Aliacha masomo kwa kukosa pesa, akauzisha mahindi. Kwenye sataranji alifuata kwanza kikombe cha uji. Mwaka 2010 mchezo ule ulimfikisha Urusi.

Filme inamaliza yote kwa saa mbili. Yeye alihitaji miaka. Hapa Mutoshi, mtoto anayetaka pesa ya haraka anakimbilia machimbo. Basi mama, mukimaliza kuangalia, mwambie: ile miaka waliyoikata, ndiyo masomo.